Udongo wa Machakos Kwenye Bahari ya Malindi

Anayepanga kupeleka watoto Malindi kabla ya Krismasi hupewa ushauri mwingi: wapi pa kulala, wapi pa kula, halwa inunuliwe duka gani. Habari za mto Sabaki hazitajwi na mtu, na ndio unaoamua kama watoto wataona samaki au wataona tope.

Njia siisemi sana. Kutoka Mombasa ni kama kilomita 120, na wiki ile ya mwisho makanga hutaja nauli mara moja tu. Ukisita, anamgeukia abiria mwingine. Mtoto wa kupakatwa halipi, lakini akishakalia kiti ni mtu mzima huyo. Kwa hiyo wa kwetu mdogo alipakatwa toka Buxton, pale Mombasa, hadi Kilifi, foleni ya Mtwapa ikiwemo, na joto lake lote.

Boti ya kioo, ile yenye kioo sakafuni cha kutazamia samaki, ndiyo iliyokula pesa. Mambo ya maji yanaenda hivi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni siku za bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na katika pwani hii hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi. Kila siku saa hiyo husogea mbele kwa karibu dakika 50, hata baada ya wiki moja, wakati wa maji mafu, kupwa kunaangukia alasiri, tena kupwa kwenyewe ni kudogo. Boti ya kioo inataka maji yaliyopwa. Matumbawe yakiwa mita mbili chini ya kioo, mtoto anaona hata mkia wa samaki. Yakiwa mita tano anaona kijani kitupu. Basi kabla ya kuweka siku ya boti, tazama mwezi kwanza.

Mwezi wetu ulikuwa sawa, na saa pia. Bei tulipatana pale ufukweni, upande wa Casuarina, karibu na lango la hifadhi ya bahari. Hapo kuna mambo ya kuuliza kwa sauti kabla hujavua viatu. Bei ni ya boti nzima au ya kichwa? Tikiti ya hifadhi imo? Mara nyingi haimo: inalipwa kando kwa Shirika la Wanyamapori, kwa simu, kila mtu yake, na usipokuwa na kitambulisho utakosa bei ya mwananchi. Jaketi za kuelea za watoto zipo? Ya mtoto lazima iwe na mkanda wa kupita katikati ya miguu, la sivyo akiingia majini jaketi inapanda masikioni na yeye anateremka. Tuliuliza yote hayo. Jambo ambalo halikuulizwa likajitokeza tukishakaa: miwani ya majini ni kando, na mkate wa kuwaitia samaki ni kando.

"Maji safi leo, mama," nahodha alisema. "Samaki wote mtawaona."

Maji chini ya kioo yalikuwa rangi ya chai ya maziwa. Tulikwenda, tukasimama, mkate ukatupwa, tukangoja. Mara moja samaki mmoja wa mistari alipanda, akang'ata, akapotea kabla mkubwa hajamwonyesha mdogo. Injini ikawashwa, tukasogea kwingine. Kule nako chai. "Watakuja, watakuja," nahodha akasema, na mkate ukaisha. Saa nzima ililipwa kamili, maana boti ilikwenda na petroli ikaungua, na hoja hiyo huwezi kuishinda ukiwa bado huko baharini na watoto wawili.

Mtu aliyetueleza ukweli ni mzee aliyekuwa akitengeneza nyavu pale tulipoteremka. Akauliza tumetoka wapi. Machakos.

"Basi, mwanangu, mmekuja kutazama shamba lenu," akasema, na vijana waliokuwa karibu naye wakacheka.

Kweli tupu. Maji ya Athi hutoka nyanda za juu upande wa Nairobi, yakapita Ukambani, yakakutana na mto Tsavo. Kuanzia hapo mto unaitwa Galana, na huku mwisho Sabaki, ukiingia baharini kaskazini ya mji wa Malindi. Mvua za vuli zikinyesha bara, udongo wote unashuka. Na Desemba ndipo kaskazi inapoingia, upepo unaovuma hadi Machi, ukiyasukuma maji ya mto kuelekea kusini, yaani mjini na kwenye matumbawe. Wakati wa kusi mambo hugeuka: tope linakwenda upande wa Ngomeni, Malindi inapata nafuu. Ndiyo kusema msimu wa wageni wa Krismasi na msimu wa tope hukutana.

Nyumbani, mtu akilima mteremko bila kuchimba matuta, majirani husema udongo wake umekwenda. Hatuulizi umekwenda wapi. Tangu tukiwa wadogo tunasukumwa kuchimba mitaro na kupanda nyasi kwenye kingo, tukidhani ni kwa ajili ya mahindi yetu tu.

Kwa hiyo fanya hivi. Siku moja kabla ya boti, nenda kwenye Nguzo ya Vasco da Gama. Mreno huyo alifika hapa mwaka 1498, na nguzo imesimama kwenye ncha ya mwamba inayoingia baharini. Watoto watakimbia, upepo utawapeperushia kofia, wewe tazama rangi ya maji. Mstari wa kahawia ukiwa umefika hapo, usilipe boti ya Malindi. Nenda Watamu, mbali zaidi na mdomo wa Sabaki. Njiani kuna Gede, magofu ya mji wa Waswahili ulioachwa karne ya 17, ndani ya msitu. Kima wa pale wanajua mkoba wenye ndizi hata ukifungwa zipu. Watoto wetu walipenda kima kuliko msikiti mkuu, na siwalaumu.

Mti wa Krismasi nao una ufundi wake huku. Sisi nyumbani tumezoea saiprasi. Pwani ni mvinje. Kilele chake unakipata kwa wauza fito za kujengea, ambao kwao ni takataka baada ya kupogoa, ingawa wakiona familia na watoto takataka inapata bei. Chagua cha urefu wa mita moja na nusu, kata shina mshazari, lisimamishe kwenye ndoo ya lita 20 yenye mawe na mchanga, na mimina maji kila asubuhi. Yale yanayoonekana majani ni vijiti vyembamba vyenye pingili; ukivuta, pingili inachomoka, na mtoto akishagundua hilo mti unapata upara upande mmoja. Matawi ni mepesi, mapambo ya kioo yanayainamisha hadi sakafuni. Karatasi inatosha, na vile vitunda vyake vyenyewe. Bisi za kutungwa kwenye uzi zinaleta sisimizi kabla ya jioni. Mishumaa usithubutu: mvinje huwaka hata mbichi.

Mkesha tulikwenda Kanisa Kuu la Mtakatifu Anthony. Fika mapema, vinginevyo utasimama nje.

Maembe ya kurudi nayo yanunuliwe yakiwa yamekomaa lakini bado magumu, yapangwe kwenye katoni kikonyo kikiangalia chini, gazeti kati ya tabaka na tabaka, na katoni itobolewe pembeni ipumue. Ngowe likiiva kabla ya Voi, nguo zote zitanuka embe. Tiketi ya kurudi ikatwe kabla hujaondoka nyumbani, maana shule zinapokaribia kufunguliwa Januari nauli inapanda tena. Na ile katoni, makanga ataitoza kama abiria, wakati mtoto wako umempakata.