Siku moja kwenye dawati la bili

Saa 1:30 asubuhi. Chai baadaye, kwanza daftari la thieta, chumba cha upasuaji. Jana wamepasuliwa watu tisa. Kwenye mfumo naona bili saba. Kazi yangu ndiyo hiyo: kulinganisha kilichofanyika na kilichotozwa. Zamani tulisubiri mwisho wa mwezi, mgonjwa keshakwenda kwao na bima keshapelekewa madai pungufu.

Saa 3. Niko thieta. Bili mbili zile zilikuwa kwenye droo, hazijaingizwa. Inayonisumbua ni moja ya zile saba: mgonjwa kawekewa chuma mguuni, bamba na skrubu zake. Stika ya bamba ipo kwenye faili, lakini skrubu hazina stika, zinachomolewa kwenye trei. Daktari kaandika skrubu sita. Fomu ya malipo: bamba moja, basi.

"Kaka, saa hiyo nilikuwa nahesabu shashi, isibaki hata moja ndani ya mgonjwa," ananiambia sista. "Na fomu zenu ziko kule ofisini."

Ana haki. Nani aache kuhesabu shashi akajaze fomu? Tumekubaliana kila trei iwe na kikaratasi chake, na kabla ya kujazwa upya zihesabiwe nafasi zilizo tupu.

Saa 5. Maabara kosa ni la upande wa pili. Damu iliganda kwenye kichupa, ikachukuliwa nyingine, mgonjwa katozwa mara mbili, kwa sababu mfumo unatoza ombi likiingia. Nafuta moja. Nimeomba tutoze majibu yakitoka; mtu wa kompyuta kasema "tutaangalia", neno ninalolijua vizuri.

Saa 8. Bima wamepiga simu. Saa za oksijeni zimezidi saa alizolazwa mgonjwa. Wodi iliandika ilipowashwa, haikuandika ilipozimwa.

Saa 10. Mzee karuhusiwa tangu saa 4 asubuhi, bado yuko kwenye benchi, begi mapajani. Kinachosubiriwa ni ampuli nne za dawa zisizotumika zirudi famasi ziondolewe kwenye bili. Wodi wanasema mhudumu atazipeleka. Mhudumu yuko eksirei. Nimezichukua mwenyewe. Bili imefungwa saa 10:40.

"Kumbe ilikuwa hivyo tu?" kauliza mwanawe. Sikuwa na jibu.

Saa 11. Nachapa vikaratasi vya trei za kesho. Mashine imegoma kwenye cha tatu. Vilivyobaki naviandika kwa mkono.