Nilivyopima maji ndani ya olivini baada ya gundi kunichezea

Olivini ni madini ya kijani ya kwenye miamba, na maji yake hupimwa kwa kupitisha mwanga wa infraredi na kutazama ni upi umefyonzwa. Ushauri wa kwanza niliopewa: saga olivini, changanya na bromidi ya potasiamu (chumvi inayopitisha mwanga huo), bana kidonge, pima. Kwa udongo wa mfinyanzi sawa. Olivini ya kwenye joho la Dunia, tabaka lililo chini ya ganda, ina maji ya sehemu chache kwa milioni, na bromidi hiyo hunyonya unyevu wa hewa. Kidonge changu kilitoa mlima mpana wa ufyonzaji karibu na 3400 sm⁻¹ (yaani mawimbi ya mwanga 3400 kwa kila sentimita). Hayo yalikuwa maji ya chumbani, si ya kilomita mia chini ya ardhi.

Nikahamia kwenye fuwele moja nzima, unene wa milimita moja hivi, iliyong'arishwa pande zote mbili. Hidrojeni iliyofungwa ndani ya olivini huonyesha vilele vyembamba, mathalani 3572 na 3525 sm⁻¹. Nilivipata, lakini vimekaa juu ya mlima uleule! Nikakausha sampuli kwa nyuzi 110 usiku kucha. Mlima haukutikisika. Nikalaumu mashine, nikaongeza nitrojeni kavu, wapi.

Jibu lilikuwa pembeni kidogo, mahali nisipotazama: vilele vidogo kati ya 2850 na 2960 sm⁻¹. Hiyo ni kaboni na hidrojeni, na olivini haina kitu hicho. Epoksi, ile gundi niliyobandikia sampuli wakati wa kung'arisha, ilikuwa imezama kwenye nyufa. Ikishakomaa, asetoni huivimbisha tu, haiiyeyushi. Nikatupa sampuli, nikakata nyingine na kuibandika kwa gundi ya kuyeyushwa kwa joto, kisha nikailoweka kwenye asetoni na kuibadilisha mara mbili. Siku hizi natazama 2900 kwanza, maji baadaye. Kilele karibu na 3690 nacho ni serpentini, madini mengine yenye maji, ndani ya ufa. Sogeza tundu linalopitisha mwanga, uukwepe ufa huo.

Ringwoodaiti, umbo la olivini lililobanwa kwa shinikizo kubwa ardhini, ni kinyume chake. Inaweza kubeba maji ya asilimia moja na zaidi, hivyo kipande kinene hufyonza mwanga wote na kilele hukatika kichwa. Lazima iwe mikroni (elfu ya milimita) kadhaa tu, na maikromita, kifaa cha kubana ili kupima unene, hukivunja kipande hicho. Hapo ndipo yale mawimbi ya mwingiliano (mikunjo kwenye grafu inayotokana na mwanga kudunda kati ya nyuso mbili za kipande) ambayo kila mtu huyalaani yakanifaa: hesabu mangapi yako ndani ya 1000 sm⁻¹, zidisha 1000 kwa mara mbili ya kipeo cha mpindo wa mwanga (kiasi ambacho madini huupinda mwanga), kisha gawanya idadi ya mawimbi kwa jibu hilo, unapata unene kwa sentimita. Mawimbi kumi na kipeo 1.7 ni mikroni 29 na ushee. Nyuso zisipokuwa sambamba, mawimbi hayo hayaonekani.

Kwa olivini, pima kwa mwanga uliopolaraishwa (unaotetema upande mmoja tu) kwenye mihimili yote mitatu ya fuwele, jumlisha maeneo ya vilele kwa kila sentimita ya unene, zidisha kwa 0.188: ndiyo sehemu za maji kwa milioni. Anayepima upande mmoja na kuzidisha kwa tatu anabahatisha, maana vilele vingi vimeelemea mhimili mmoja. Ukifungua chemba ya sampuli, subiri nusu saa. Meno ya msumeno juu ya 3600 ni mvuke uliouingiza mwenyewe.