Kwa nini nondo za tanuri la mawese hupinda

Pipa la lita 200 lililojaa chikichi na maji lina uzito wa kilo 200 hivi. Ukiliweka juu ya nondo nne za milimita 12, kuta za tofali zikiwa zimeachana sentimita 60, kila nondo hupata mkazo wa megapaskali 217 katikati (megapaskali hupima nguvu inayoelemea kila milimita ya mraba ya chuma). Ikiwa baridi haitikisiki, maana nondo nzuri huhimili 400 na ushei. Washa kuni. Kufikia nyuzi 600, wekundu ule wa damu ya mzee unaoonekana gizani tu, nguvu hiyo imebaki kama nusu, na nondo inalala.

Ndipo wengi wanahamia milimita 16. Mkazo unashuka hadi 92, siku ya kwanza nondo iko sawa, baada ya mapishi kadhaa ina tumbo. Hiyo ndiyo kripu: chuma kutambaa polepole chini ya mzigo ambao kwa muda mfupi kingeubeba. Kwenye chuma huanza kusumbua karibu nyuzi 450. Risasi, inayoyeyuka kwa 327, hutambaa hata kivulini.

Usidanganyike na ugumu wa nondo. Umetokana na kusokotwa ikiwa baridi au kupozwa ghafla kwa maji kiwandani, na moto wa tanuri unaufuta karibu wote. Gurudumu la turbo ya lori, linalozungushwa na moshi wa moto wa injini, halilegei kwa sababu ugumu wake ni wa namna nyingine: nikeli iliyojaa chembe ndogo mno za nikeli na alumini, ambazo joto hilo haliziyeyushi.

Dawa ya bei ndogo ni tofali moja la kuchoma, lisimamishwe katikati chini ya nondo. Urefu ukigawanyika nusu, mkazo unakuwa robo. Kasi ya kripu hufuata mkazo kwa kipeo cha nne au zaidi, kwa hiyo inapungua zaidi ya mara 200 (4 × 4 × 4 × 4). Hakuna nondo nene itakayokupa hilo kwa bei ya tofali!

Joto nalo: nyuzi 50 za ziada zinaweza kukata umri wa nondo mara kumi, basi usirundike kuni upande mmoja.

Kuigeuza nondo iliyopinda, tumbo likae juu, kunanyoosha umbo tu. Magamba ya kutu ya moto yakishaila nondo kutoka milimita 12 hadi 10, mkazo umepanda mara 1.7, nayo itakatika pipa likiwa linachemka.