Nilivyobaki kwenye kazi ya uzamiaji wakati roboti zinaingia

Mi nilitoka chuo cha uzamiaji, ule wa kuhudumia mitambo ya mafuta chini ya bahari, wakati bei ya mafuta ndo inaporomoka, katikati ya 2014 pipa lilikuwa juu ya dola 100, kufika Januari 2016 liko chini ya 30, kampuni zikasimamisha miradi na sisi ndo tukaachwa mapema maana wengi hatuna ajira ya kudumu, unalipwa siku ulizokuwa kazini basi.

Chuoni kila mtu anaota satureshen, uzamiaji wa kina kirefu. Inalipa kweli, unaishi ndani ya chemba ya presha hata wiki nne, unapumua heliamu na oksijeni mpaka sauti inakuwa ya bata, afu kushushwa presha tu kunakula siku kadhaa. Ila foleni yake ni ndefu, walioko ndani hawatoki, na hawakuchukui kabla hujapiga sana kazi za hewa, zile unazamia ukipumua hewa ya kawaida, mwisho mita 50.

Nikaanza kama tenda, kushika hosi ya mwenzako na kusugua deki. Pale nikawa nachunguza nani anaitwa tena na nani simu yake hailii. Wanaoitwa walikuwa na ujuzi mwingine, mchomeleaji, fundi wa haidroliki, mkaguzi. Basi nikadunduliza nikasomea cheti cha CSWIP 3.1U, ukaguzi wa vyuma chini ya maji: video, kupima unene, kusoma volti kuona kama anodi, vipande vya chuma vinavyoliwa badala ya jukwaa, bado zinazuia kutu. Simu zikaanza kuja, sikutegemea haraka vile.

Sasa roboti. Zinashuka mita 3000, na mitambo mipya ya kina kirefu inachorwa ishikwe na roboti tangu mwanzo, hizo kazi mzamiaji asahau. Zilizobaki ni majukwaa ya zamani ya kina kifupi, kuyakarabati na kuyang'oa, Bahari ya Kaskazini na Ghuba ya Meksiko yapo mengi. Mitambo ya umeme wa upepo ya baharini nayo wanaisifia sana ila wenye miradi wakiweza kukwepa kushusha mtu wanakwepa.

Kwa hiyo nikaongeza 3.4U, ya kusimamia ukaguzi ukiwa juu, awe mzamiaji au roboti anayeshika kamera. Baridi ikiingia kazi za hewa huko kaskazini zinalala, mi nakaa mbele ya skrini namwelekeza rubani wa roboti asogee wapi. Hela ni ndogo kuliko ya kuzamia, ila inaingia hata miezi ile wenzangu wako nyumbani wanasubiri kuitwa.