Tulimfuata Kwale, Tukapata Panya Buku

Tuliposhuka kwenye basi pale Ilula, wauza nyanya walitukimbilia na ndoo zao. Walipoona mabegi yetu wakatuacha. Kutoka hapo hadi Udekwa ni pikipiki, vumbi, na kushuka kusukuma kila mlima unapokaza. Alfajiri ya pili mzee wa kutuongoza msituni akatusalimu, "Kamwene," akanyanyua begi langu, akacheka: "Mwanangu, umefunga mawe?"

Zilikuwa kamera za mtego, zile zinazopiga picha zenyewe mnyama akipita, na betri zake, nane kwa kila kamera.

Tulikuwa tunakwenda msitu wa Ndundulu, kwenye milima ya Udzungwa, kumtafuta kwale wa huko. Ndege huyu aliingia vitabuni kwa kupitia sufuria: mwaka 1991, watafiti waliopiga kambi milimani humu waliona miguu ya ajabu kwenye mboga waliyopikiwa, wakaanza kuulizana wanakula nini. Kumbe ndugu zake wa karibu wako misitu ya Asia. Nadhani aliyemtia sufuriani hakuona la ajabu.

Kwale hutembea chini, hivyo kamera tulizifunga kwenye mashina, chini kidogo ya goti. Kamera hizi huhisi joto linalosogea mbele yake. Mimi, kwa uvivu, niliacha jani la mdaa likining'inia mbele ya kamera ya tatu. Jua lililipasha, upepo ukalitikisa, na kadi nzima ikajaa picha za jani. Mzee hakusema kitu, ila tangu siku hiyo kila nilipomaliza kufunga kamera alipita nyuma yangu na panga.

Tuliporudi baada ya mwezi, tulifungua kadi usiku chini ya turubai, mvua ikitwanga juu yetu. Panya buku, mashavu yamevimba kwa mbegu. Panya buku tena. Nyegere akiwa na haraka zake. Kisha minde, paa mkubwa mweusi mwenye kishungi chekundu katikati ya pembe, asiyepatikana nchi yoyote isipokuwa Tanzania. Amesimama, macho yanawaka, kana kwamba tumemgongea mlango usiku wa manane. Nilisahau kwale kwa muda.

Picha iliyotunyamazisha wote ilikuwa ya sange, mnyama mdogo mla wadudu: uso wa kijivu, makalio meusi, pua ndefu imechomekwa kwenye majani makavu. Sange huyu wa uso wa kijivu alinaswa kwa mara ya kwanza na kamera humuhumu Ndundulu mwaka 2005, na mwaka 2008 akatangazwa kuwa spishi mpya. Ana gramu 700 hivi, uzito wa kuku mdogo, na muda wote huo sayansi ilikuwa haina habari naye!

Kwale alitokea kwenye kadi ya mwisho, picha moja tu. Mnyama fulani, labda nguruwe, alikuwa ameisukuma kamera ikainama. Kichwa hakimo, mgongo haumo. Ipo miguu miwili ya njano juu ya majani yaliyolowa, na kipande cha tumbo.

Nilimwita mzee. Akavaa miwani, akasogeza uso karibu na kioo.

"Miguu hii naijua," akasema, akarudi mekoni kusonga ugali.