Gari la rimoti linakata nguvu Dar, na wewe uko Minnesota

"Mjomba, gari halipandi." Ujumbe wa namna hii huingia huku saa mbili asubuhi, wakati Dar ni saa kumi jioni, au saa kumi na moja huku kukiwa na baridi. Mpwa wako yuko kwenye mawe ya Coco Beach, maji yamekupwa, na lile gari la kupanda majabali, krola uliyomnunulia, limegoma katikati ya jiwe. Wengi wetu tulio ughaibuni tunakimbilia kununua mota au betri mpya na kuanza kumtafuta anayesafiri. Subiri kwanza. "Halina nguvu" ni jina moja la magonjwa kadhaa, na sauti ya nusu dakika kwa WhatsApp inatosha kuyatenganisha.

Mwambie asogeze simu karibu na gari, arekodi likiwa linajaribu kupanda. Mota ikilia kwa kasi huku magurudumu yamesimama, umeme mzima; ugonjwa uko kwenye gia. Mota ikiguna na kufifia kila inapobebeshwa mzigo, shuku betri au plagi. Gari likienda vizuri robo saa kisha likagoma, na likipumzika linarudi, hapo ni joto au ukomo wa volti. Lakini kila kitu kikizima ghafla, halafu ukasikia tena ile milio ya kuwashia, basi kontrola ya mwendo, kile kiboksi kilichoandikwa ESC, imejiwasha upya yenyewe.

Hili la mwisho ndilo linalowapotezea watu pesa nyingi, kwa sababu halihusiani na mota hata kidogo. Krola hufungwa servo ya usukani, ile mota ndogo inayogeuza magurudumu, yenye nguvu ya kilo 20 hadi 35 kwa sentimita, ili tairi lililobanwa kati ya mawe liweze kugeuka. Servo hiyo ikibanwa ikashindwa kugeuka, inaweza kuvuta ampia 3 hadi 5, nyingine zaidi. Umeme wake unatoka kwenye saketi ndogo ndani ya kontrola iitwayo BEC, na nyingi zinazokuja na gari hutoa ampia 2 au 3 tu. Servo ikivuta kupita hapo, volti zinaanguka, resiva, kile kifaa kinachopokea amri za rimoti, inazimika, na mota nayo inakosa amri. Dereva anaona gari limekosa nguvu, kumbe usukani ndio umeinyima resiva umeme.

Kipimo chake ni cha bure. Achomoe waya wa servo kwenye resiva, anyooshe magurudumu kwa mkono, kisha apande jiwe lilelile moja kwa moja. Likipanda bila kuzima, mwenye kosa amejulikana. Dawa ni BEC ya nje ya ampia 5 au zaidi, iliyowekwa volti 6 au kiwango kilichoandikwa kwenye servo yenyewe, ikichukua umeme moja kwa moja kwenye betri. Waya mwekundu wa kontrola unaoingia resiva uchomolewe kwenye plagi yake na ufungwe tepu, vyanzo viwili vya umeme visigombane. Wakati kifaa hakijafika, apunguze mwisho wa mgeuko wa usukani kwenye rimoti ili servo isiendelee kusukuma baada ya magurudumu kufika kikomo. Hilo peke yake huponya magari mengi.

Gari likififia badala ya kuzima, mwambie atafute testa. Karibu kila fundi simu wa Kariakoo anayo. Betri ya lipo, yaani ya lithiamu-polima, ya seli mbili iliyojaa inasoma volti 8.4, ya seli tatu 12.6. Namba hiyo, betri ikiwa imepumzika, haithibitishi kitu, kwa maana hata betri iliyochoka hujaa vizuri. Ipimwe ikiwa kazini. Ile plagi ndogo nyeupe ya seli mbili ina matundu matatu: ncha za testa ziwekwe kwenye mawili ya pembeni, kwa uangalifu zisigusane, mwenzake azuie magurudumu na kukanyaga mafuta sekunde moja, si zaidi, maana mota iliyozuiwa huungua. Betri ikiporomoka kutoka 8.2 hadi 6 na kitu, imechoka. Halafu apime kila seli kati ya tundu la katikati na la pembeni. Seli moja ikiwa nyuma ya mwenzake kwa volti 0.2 au zaidi, ndiyo inayoivuta betri nzima chini. Iliyovimba isichajiwe tena kabisa.

Betri ikishikilia volti 8 lakini gari bado linafifia, shika plagi kubwa mara tu baada ya kuendesha. Ikiwa ya moto, au plastiki imegeuka kahawia, nguvu inaishia hapo. Plagi nyeupe za aina ya Tamiya zina tabia hiyo, na hewa ya chumvi ya Dar inazidisha kutu kwenye pini. Fundi alehemu plagi za aina ya XT60 pande zote mbili, risasi ya kulehemu iingie mpaka ndani ya nyuzi za waya. Akate waya mmoja kwanza, aulehemu na kuufunika, ndipo akate wa pili. Nyaya mbili za betri zikigusana ni moto.

Suala la ukomo wa volti, pale kontrola inapokata umeme ili kulinda betri, ni la mpangilio tu. Kontrola iliyowekwa kwa lipo, ukiiwekea betri ya nikeli ya volti 7.2, itakata mapema huku betri ikiwa bado ina chaji. Kwenye kontrola ya Hobbywing 1060 kuna kijipini cha kuhamisha kati ya lipo na nikeli. Kwenye kontrola ya Traxxas XL-5 taa ya kijani maana yake ulinzi wa lipo umewashwa, nyekundu umezimwa. Nikeli itumie nyekundu. Lipo isitumie nyekundu kamwe, kwa sababu seli ikishuka chini ya volti 3 huanza kuharibika.

Ikiwa tatizo ni joto, angalia gia ndogo ya mota kabla ya kulaumu hali ya hewa. Matairi makubwa na vyuma vya uzito huongeza mzigo. Weka gia yenye meno pungufu kwa moja au mawili. Kaboni za mota zikiisha, mota hucheua cheche na kunuka. Na ile mota inayolia bila gari kwenda? Mara nyingi ni skrubu ndogo ya gia iliyolegea. Ikazwe ikiwa imekaa juu ya ubapa wa shafti, pamoja na tone la loktaiti, gundi ya kuzuia skrubu isilegee. Kama iko sawa, akaze klachi kidogo kidogo.

Gari likiandikwa kwamba linastahimili maji, hayo ni ya mvua. Likiingia bahari, lisuuzwe kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyohiyo, likaushwe kivulini, beringi zipakwe mafuta, la sivyo zitakwama na kuilemea mota.

Kwa wewe unayetuma kutoka Marekani: soma maandishi ya chaja. Kama hayasemi 100–240 V, usiitume, umeme wa Tanzania ni volti 230. Betri za lipo za akiba zinapanda ndege kwenye mzigo wa mkononi tu. Zidisha volti kwa ampia-saa: betri ya 11.1 V na 5 Ah ni wati-saa (Wh) 55.5, chini ya kikomo cha 100 kinachopita bila kuomba kibali. Iwe imechajiwa hadi volti 3.8 kwa seli, na plagi zote zimefungwa tepu.