Siku moja maishani mwangu: msimamizi wa nyumba ya kupanga, Tabata

Saa 11 alfajiri hata sijapiga mswaki nipo kwenye mita ya maji ya DAWASA na tochi ya simu. Wapangaji wote nane wamelala, tenki la juu limejaa toka usiku, kwa hiyo kile kigurudumu kidogo cha mita kinatakiwa kisimame kabisa. Leo kinazunguka. Taratibu, lakini kinazunguka.

Watu wanajua msimamizi ni yule wa kugonga milango kudai kodi. Jamani, kodi ni siku mbili tatu za mwezi, siku zote zilizobaki nawinda vitu vidogo kabla havijawa vikubwa.

Saa 1 mpaka saa 4 nimesafisha gata maana masika hayo yanakuja, nimefunua chemba nikatoa mafuta ya kupikia yaliyoganda, fundi umeme kabadilisha soketi iliyoanza kuwa njano kwa joto (ukiiona hivyo usisubiri moshi). Choo cha mpangaji wa namba 2 nimetia rangi ya chakula kwenye tenki la kuflashi, robo saa baadaye rangi imeshuka chini bila mtu kuflashi, kumbe raba ya kuzuia maji imelika, nikaweka mpya, elfu tatu tu. Nikarudi kwenye mita, bado inazunguka.

Saa 5 mama wa namba 3 ananiita, kaka njoo uone dari. Alama ya maji kubwa kama sinia, imekaribia taa. Nikazima breka ya taa zake. Juu yake ni namba 7, nagonga hayupo, napiga simu anasema yuko kazini Kariakoo atarudi saa 8 na nisithubutu kuingia kwake. Funguo ya akiba ninayo ila siingii kwa mtu hayupo, hiyo ni heshima. Nyumba yenyewe ilijengwa bila koki ya kila mpangaji, ikabidi nifunge maji nyumba nzima. Basi nikatukanwa na kila aliyekuwa na nguo kwenye beseni. Saa 8 ikapita, saa 9, fundi bomba amekaa kivulini ananidai posho ya siku, na mwenye nyumba anapiga simu, "hayo maji kidogo si yasubiri mwisho wa mwezi?" Nikamwambia mzee, mwaka jana tulisubiri hivyo hivyo, dari ikashuka na waya zikaungua, ukatoa laki nane na sabini. Akanyamaza, akasema haya endelea.

Dada wa namba 7 karudi saa 11 jioni amenuna, kafungua. Chini ya sinki la jikoni kuna ndoo. Wiki tatu anaimwaga asubuhi na usiku, akichelewa kazini inafurika inashuka kwa mwenzake. Nikamuuliza dada yangu kwa nini hukusema? Akasema kwenye nyumba aliyokuwa anakaa kabla ya hapa aliripoti bomba linavuja akakatwa kwenye dipoziti yake. Hasira zote zikaniisha, nikamwambia hapa kuvuja siyo kosa lako, niambie siku hiyo hiyo hata kama ni tone. Fundi kakata kiungo, kaweka kipya, vifaa elfu kumi na mbili na ufundi elfu ishirini, nusu saa kazi imeisha.

Maji nikafungulia, miguu inauma, sikumbuki hata nilikula saa ngapi.

Saa 5 usiku kila mtu kalala, nimerudi kwenye mita na tochi, nikachuchumaa nikakitazama kigurudumu dakika kumi nzima. Kimesimama.